Plazima Baridi na Zebaki ya Geita: Mashine Ipi Ijibu Swali Lipi?

Kwenye masoko ya dhahabu ya Geita, Katoro na Kahama, mtu akisema "mashine" lazima umuulize ipi. Ipo mashine ya kutafutia, inayolia mwenye nayo anapopitisha sahani yake juu ya punje ya dhahabu iliyofukiwa. Ipo ya dukani, inayorusha miale ya eksirei juu ya kipande cha dhahabu na kuonyesha usafi wake kabla bei haijatajwa. Ipo ya maabara, ambayo wachimbaji wengi hawajawahi kuiona. Wao hupeleka mfuko wa mchanga na kupokea karatasi. Zote tatu husemwa "zinapima", na kila moja inapima kitu chake. Sasa wanaofuatilia habari za sayansi wanaitaja ya nne: mashine ya kubebeka, yenye ncha inayotoa mwanga wa zambarau, inayoweza kutaja kemikali iliyo juu ya jani, kidonge au kidole cha mtu bila tindikali wala kusaga sampuli. Kinachofanya kazi pale kwenye ncha huitwa plazima baridi.

Kwa mkazi wa machimbo ya Lwamgasa au Mwakitolyo swali linalofuata ni la haki kabisa: je, mashine hiyo itatuambia kama kuna zebaki mwaloni (mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu), kisimani na kwenye samaki tunaokula? Wapo wanaojibu kwamba teknolojia imeshafika, kilichobaki ni serikali kutoa fedha. Wapo wanaosema hivyo ni vitu vya maabara za Ulaya, havituhusu. Majibu yote mawili yameruka hatua moja: hayakuuliza sumu gani inatafutwa, iko katika hali gani, na jibu likipatikana litamfanya nani afanye nini.

Kumbukumbu ya makinikia

Ukanda huu umewahi kulipa gharama ya kutoelewana kuhusu vipimo. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji nje ya nchi wa makinikia (mchanga wenye madini) ya dhahabu na shaba kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliyoko Kahama mkoani Shinyanga. Makontena 277 yalikwama bandarini Dar es Salaam. Mei 24 mwaka huo kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais Magufuli taarifa iliyosema makinikia hayo yalikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani, ilhali nyaraka zilizokuwapo zilionyesha gramu 200 hivi. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi hiyo, ilizikataa takwimu za kamati. Taifa zima, kuanzia bungeni hadi vijiweni, likajadili gramu kwa tani.

Mjadala ule ulikuwa wa moto, lakini sehemu moja iliguswa kidogo mno. Tofauti ya mara saba haiwezi kuletwa na mashine moja nzima kuwa bora kuliko nyingine nzima. Tofauti kubwa kiasi hicho hukaa kwenye namna sampuli zilivyochotwa, namna zilivyoandaliwa, au kwenye kumbukumbu zenyewe. Hata hivyo mtaani kilichobaki ni dhana kwamba ukweli wote umo ndani ya mashine, na mwenye mashine bora ndiye mwenye ukweli. Mgogoro ulimalizwa kwa mapatano: Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, ikakubali kulipa dola milioni 300, na kampuni ya ubia ya Twiga ikaundwa, serikali ikiwa na hisa asilimia 16 katika migodi. Dhana ile haikumalizwa na mtu, na ndiyo inayorudi sasa mazungumzo yanapohamia kutoka gramu za dhahabu kwenda kwenye sumu.

Plazima baridi ni kitu gani

Neno lenyewe linachanganya. Plazima ya hospitalini ni majimaji ya damu. Hiyo tuiweke kando. Katika fizikia plazima ni gesi ambayo baadhi ya atomu zake zimenyang'anywa elektroni kwa nguvu ya joto au umeme, ikawa inapitisha umeme na mara nyingi inatoa mwanga. Radi ni plazima. Taa ya tyubu nayo ni plazima, na kwa mkazi wa Geita ina jambo la ziada: ndani ya tyubu ile mna mvuke kidogo wa zebaki, na zebaki hiyo ikisisimuliwa na umeme hutoa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7. Namba hiyo tutakutana nayo tena.

Maabara kubwa hutumia plazima ya moto. Gesi ya arigoni hupitishwa kwenye koili ya umeme wa kilowati moja au zaidi, ikafikia joto la maelfu ya digrii, kiasi kwamba chochote kinachoingizwa humo huvunjika kikabaki atomu tupu. Atomu hizo, zikiwa zimebeba chaji, huingia kwenye spektromita ya tungamo, chombo kinachozitenganisha kwa uzito. Hapo risasi hujulikana kuwa ni risasi, aseniki ni aseniki, zebaki ni zebaki, hata zikiwa sehemu moja katika bilioni.

Plazima baridi hufuata njia nyingine. Tyubu nyembamba ya kioo hupitishiwa gesi, iwe heli, nitrojeni, arigoni au hata hewa ya kawaida. Elektrodi moja hukaa ndani na nyingine huzungushiwa nje. Kati yao huwekwa umeme wa kilovolti chache unaobadilika mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kuwa kioo kinazuia cheche kamili isiruke, elektroni peke yake ndizo zinazopata nguvu kubwa, na gesi yenyewe hubaki na joto la nyuzi 30 hivi. Unaweza kuweka kidole na usiungue. Kikundi cha R. Graham Cooks na Zheng Ouyang wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilikitangaza chombo cha aina hii mwaka 2008, kikifuata kazi ya China ya mwaka uliotangulia, na baada ya ndugu zake wawili waliofungua njia, mmoja wa mwaka 2004 aliyetumia vitone vya kimiminika vyenye chaji, mwingine wa mwaka 2005 aliyetumia heli iliyosisimuliwa. Wote wana lengo moja: kupima kitu kikiwa mahali pake, hewani, bila maandalizi.

Tofauti muhimu ni hii. Plazima ya moto huvunja kila kitu na kutaja elementi. Plazima baridi haivunji. Huinyanyua molekuli nzima kutoka juu ya kitu na kuipa chaji, ili spektromita itaje molekuli hiyo ni ipi. Ya moto itakuambia kuna fosforasi. Ya baridi itakuambia fosforasi hiyo ni ya dawa gani ya kuua wadudu. Msomaji akilishika hilo, nusu ya mkanganyiko imekwisha.

Sumu za ukanda wa dhahabu na tabia zake

Zebaki ndiyo inayotajwa zaidi. Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha mchanga mwaloni, huchanganya na zebaki ishike punje za dhahabu, hukamua kwa kitambaa, kisha huchoma donge lililobaki. Zebaki huruka kama mvuke usio na rangi wala harufu. Njia hii mara nyingi huacha zaidi ya nusu ya dhahabu kwenye mchanga uliokwisha oshwa, marudio, ndiyo maana marudio huuzwa tena kwa wenye mitambo ya sianidi. Hapo sumu mbili hukutana: sianidi huyeyusha pia zebaki iliyobaki humo na kuifanya isafiri na maji kwa urahisi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Huu ni uhusiano wa sababu na matokeo ambao haujadiliwi vya kutosha. Mtambo wa sianidi unaosifiwa kuwa mbadala wa zebaki unaweza, ukilishwa marudio yenye zebaki, kuisambaza zebaki ileile.

Zebaki ina sura tatu, na kila sura ina mahali pa kuitafutia. Mvuke unaovutwa na mchomaji huonekana kwenye mkojo. Zebaki ya methili, inayotengenezwa na bakteria majini na kujikusanya kwenye samaki, huonekana kwenye nywele na damu. Ile iliyo kwenye udongo ni ya kuchemshwa ndipo ipimwe. Ripoti inayosema tu "zebaki imepatikana" bila kutaja sura yake haijamsaidia daktari wala mvuvi.

Utafiti wa Lwamgasa, kituo ambacho vitabu vingi hukiita Rwamagasa, unaonyesha umuhimu wa kutenganisha sura hizo. Katika mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, mwanzoni mwa miaka ya 2000, timu ya madaktari iliyoongozwa na Stephan Bose-O'Reilly ilipima wakazi wa pale na kuwalinganisha na watu wa Katoro. Waliobeba mzigo mkubwa walikuwa wachomaji wenyewe. Wanajiolojia wa Uingereza waliopima udongo, maji na samaki katika eneo hilohilo walikuta uchafuzi mzito umekaa karibu na sehemu za kuchenjulia, huku samaki wa upande wa Ziwa Victoria wakiwa na viwango vya chini. Maana yake kwa sera ni kubwa: hofu ya umma ilielekezwa kwa sangara na sato, ilhali hatari iliyo kubwa zaidi ilikuwa puani mwa mtu aliyeinamia karai la mkaa.

Sianidi ni sumu ya haraka. Hudhibitiwa kwa chokaa inayoweka maji katika hali ya besi, na besi hiyo ikishuka, sianidi hubadilika kuwa gesi ya kuua. Aseniki haikuletwa na mchimbaji. Imo ndani ya miamba yenyewe pamoja na dhahabu, na huingia kwenye maji mwamba unapovunjwa na kuachwa juani na mvuani. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza kisizidishwe kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita.

Kuna kundi la nne ambalo kelele za dhahabu huliziba. Shinyanga, Simiyu na Geita ni nchi ya pamba pia, na pamba hupulizwa dawa. Dawa zilezile zikiishia kwenye nyanya na mchicha wa soko la Kambarage au la Katoro, hakuna anayeziona. Kundi hili ni la molekuli za kikaboni, na tabia yake ni tofauti kabisa na ya metali.

Hoja ya kwanza: kila kitu kiende maabara kuu

Wanaoshika msimamo huu wana jambo zito la kusema. Cheti cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni ushahidi mahakamani. Kina mnyororo wa makabidhiano, vipimo vya ulinganisho na mchambuzi anayeweza kuitwa kuapa. Mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kwa aseniki na kwa metali nyingi kwa wakati mmoja, hakuna kinachoizidi plazima ya moto na spektromita yake.

Udhaifu wake ni gesi, umeme na umbali. Plazima ya moto hunywa lita 15 hivi za arigoni kwa dakika. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la baa 200 hubeba gesi ya lita 10,000 hivi. Piga hesabu, mtungi mzima unakwisha kwa saa kumi na moja. Kwa hiyo maabara hungoja sampuli zirundikane ndipo iwashe, na mtu wa Nyarugusu hungoja pamoja nazo. Jibu linalofika baada ya marudio kuuzwa, kuhamishwa na kuchenjuliwa upya ni jibu sahihi kuhusu rundo ambalo halipo tena.

Hoja ya pili: vifaa vya mkononi

Kundi la pili linataka kipimo kifuate sumu ilipo. Bunduki ya eksirei, ndugu wa ile mashine ya dukani, hutaja metali za udongo kwa dakika moja au mbili. Kwa rundo la marudio lililochafuka sana inatosha. Kwa udongo wa shamba wenye zebaki kidogo haioni kitu, na kutoona kwake husomwa kimakosa kuwa ni usalama. Tena ni chanzo cha mionzi, hivyo kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Kifaa ninachokiona chenye manufaa kuliko vyote katika kundi hili hakina jina la kuvutia: kipima mvuke wa zebaki kwa mwanga. Hapa ndipo namba 253.7 inaporudi. Mwanga uleule ambao zebaki ya taa ya tyubu huutoa, zebaki iliyo hewani huunyonya. Ukipitisha mwanga huo kwenye hewa na kupima kiasi kilichopotea, umepima zebaki moja kwa moja, papo hapo, bila kuichanganya na elementi nyingine. Ukiongeza tanuru dogo la kuchemshia, kifaa hichohicho hupima udongo, samaki na nywele. Hewa iliyofungiwa pamoja na zebaki kwenye joto la nyuzi 20 tu hubeba takriban miligramu 14 kwa mita ya ujazo, zaidi ya mara mia tano ya kiwango cha miligramu 0.025 kinachotumiwa na wengi kama ukomo wa mahali pa kazi. Kifaa hakitapata shida kuona.

Na mahali pa kukipeleka kwanza ni dukani mjini, hata kabla ya mwaloni. Dhahabu iliyochomwa porini huwa bado imebakiza zebaki kiasi, na mnunuzi huiyeyusha tena ndani ya chumba, nyuma ya kaunta, pembeni mwa maduka ya chakula na nyumba za kulala wageni. Masoko rasmi yaliyoanza Geita Machi 2019 yaliwakusanya wanunuzi mahali pamoja. Kwa ukusanyaji wa mapato hilo lilikuwa zuri sana. Kwa mvuke wa zebaki maana yake ni kwamba mahali pa kuuchunga sasa panajulikana.

Kwa sianidi hakuna haja ya kifaa kikubwa: karatasi za pikrati zinazobadilika rangi, au kutitrati kwa nitrati ya fedha, hutosha kwa msimamizi wa mtambo aliyefunzwa.

Hoja ya tatu: plazima baridi

Sasa tuifikie ile mashine ya mwanga wa zambarau. Faida zake ni za kweli, wala si matangazo. Hutumia wati chache za umeme, kiasi ambacho betri hukimudu. Hutumia gesi chini ya nusu lita kwa dakika; ule mtungi uliokwisha kwa saa kumi na moja ungekaa zaidi ya siku kumi na tatu usiku na mchana. Wanaohofia upatikanaji wa heli wajue kwamba inaweza kufanya kazi kwa hewa, ingawa kwa unyeti mdogo zaidi; na kwa kuwa heli imegunduliwa Rukwa, tangazo lililotolewa mwaka 2016, huenda siku moja hofu hiyo ikapungua yenyewe. Mwaka 2010 kikundi cha Purdue kilionyesha kuwa inaweza kuchuja mabaki ya viuatilifu kwenye vyakula. Ilikwishaonyeshwa pia kuwa inaona vilipuzi vya aina ya TNT na RDX kwa viwango vidogo mno. Mbinu za ukoo huohuo zimetumika kukamata dawa bandia za malaria Asia ya Kusini Mashariki: kidonge huwekwa mbele ya ncha, na baada ya sekunde chache inajulikana kama artesunate imo au haimo.

Jambo linalonipa matumaini zaidi limetoka Mexico. Maabara ya Robert Winkler huko Irapuato ilichapisha mwaka 2016 mchoro wa kuchapia chanzo cha plazima baridi kwa printa ya pande tatu, ili yeyote autumie. Chanzo chenyewe ni tyubu, waya na transfoma. Fundi stadi wa Mwanza anayesuka koili za mota angeuelewa mchoro ule ndani ya siku moja.

Lakini chanzo ni mlango tu. Nyumba ni spektromita, na spektromita inahitaji ombwe. Pampu zake hazipendi vumbi, na ukanda huu una karasha kila kona na kiangazi kirefu. Hazipendi umeme unaokatika. Mashine ndogo zilizotengenezwa na Purdue zimepunguza uzito sana, ila hazijaondoa gharama ya kununua, kutengeneza na kupata vipuri. Mtu anayesifia bei ndogo ya plazima baridi bila kutaja bei ya kilicho nyuma yake amekupigia hesabu nusu.

Udhaifu wa pili ni wa kiasi. Mbinu hii ni hodari wa kusema "ipo" kuliko kusema "ni kiasi gani". Mafuta ya ganda la nyanya, jasho, udongo, umbali wa ncha kutoka kwenye kitu, vyote hubadilisha ukubwa wa ishara. Kwa kuchuja, sawa. Kwa kumpeleka mtu mahakamani, haitoshi bila maabara kuthibitisha.

Udhaifu wa tatu ndio kiini cha makala haya. Plazima baridi si mashine ya zebaki. Sababu iko ndani ya utendaji wake. Gesi iliyosisimuliwa ikitoka kwenye tyubu hukutana na hewa. Hugonga nitrojeni, nitrojeni hupitisha nguvu kwa mvuke wa maji, maji hubaki na protoni ya ziada, na protoni hiyo hukabidhiwa kwa molekuli yoyote inayoishika kwa nguvu kuliko maji. Molekuli nyingi za dawa za wadudu na za tiba huishika sana, hasa zenye nitrojeni ndani yake. Atomu ya zebaki haiishiki. Zaidi ya hapo, sehemu ya zebaki ya kwenye marudio imejificha ndani ya punje au kufungwa na salfa. Nyuzi 30 za joto haziwezi kuitoa. Aseniki ya majini ni chumvi isiyopaa. Dhahabu iliyoyeyushwa na sianidi nayo haipai. Na sianidi yenyewe ni nyepesi mno. Ioni yake ina uzito wa 26, chini ya uzito ambao mashine nyingi ndogo huanzia kusoma.

Kwa uaminifu niongeze kwamba plazima ndogo za aina hii zimewahi kupima zebaki. Mwaka 2008 watafiti wa China walionyesha hilo, lakini kwanza waliigeuza zebaki iliyokuwa kwenye kimiminika kuwa mvuke, kisha wakasoma mwanga wake badala ya kupima uzito wake. Hicho ni chombo kingine, chenye undugu wa karibu zaidi na kipima mvuke tulichokitaja kuliko na spektromita. Anayenukuu utafiti ule kuuzia spektromita ya plazima baridi kwa ajili ya zebaki anaunganisha vitu viwili visivyoungana.

Hoja ya nne: vipimo vimetosha, sasa ni ritoti

Wapo wanaosema mashine zote hizi ni kuahirisha kazi. Zebaki ya ukanda huu imepimwa tangu miaka ya 1990. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2013 jinsi watoto wanavyoshika zebaki kwenye machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Tunajua inatoka wapi na inaingia wapi. Fedha ya kipimo kimoja kikubwa ingenunua ritoti nyingi, vile vyombo vilivyofungwa vinavyonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumia tena, au ingeimarisha vituo vya mfano vya uchenjuaji kama vile vya Shirika la Madini la Taifa huko Lwamgasa na Katente.

Kuhusu zebaki ya hewani, wana haki karibu yote. Uamuzi haubadiliki kwa kuongeza namba. Wanapokosea ni kudhani ritoti ikigawiwa imetumika. Mchimbaji aliyekodi zamu ya kuchoma anataka aone dhahabu yake ikigeuka rangi mbele ya macho. Chombo kilichofungwa kinamtia wasiwasi wa kuibiwa. Bila kipima mvuke kinachozunguka, hakuna ajuaye kama ritoti iko motoni au iko chini ya kitanda. Na kuhusu visima, bado vipimo havijatosha, kwa sababu aseniki hubadilika kutoka kisima hadi kisima na haina rangi, ladha wala harufu.

Kuzipima hoja

Ukiziweka hoja nne pamoja unaona kwamba hazigombani kama wenyewe wanavyogombana. Zinajibu maswali tofauti. Mgongano wa kweli uko kwenye fedha, kwa kuwa bajeti ya halmashauri ni moja na hakuna inayoweza kununua vyote.

Kwa zebaki ningeanza na ritoti na kipima mvuke kwa pamoja, kifaa hicho kikiwa mikononi mwa afisa afya wa halmashauri, na kituo chake cha kwanza kikiwa vyumba vya kuyeyushia dhahabu vya Geita, Katoro na Kahama. Mkojo wa wachomaji upelekwe maabara mara moja kwa mwaka, watajiwe majibu yao wenyewe kwa lugha yao. Kwa aseniki, maabara ya Mwanza kwa plazima ya moto au mbinu nyingine ya kiwango hicho, kwa ratiba ya visima na si kwa malalamiko. Kwa sianidi, karatasi na chokaa kwenye kila mtambo. Haya yote yanaweza kufanyika bila plazima baridi hata moja.

Plazima baridi ningeipa kazi kwenye pamba, nyanya na dawa za dukani, ambako inachokiona vizuri ndicho kinachotafutwa. Wala nisingeanza kwa kununua mashine kamili. Arusha kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu pale Ngaramtoni, na mkoa huohuo una Taasisi ya Nelson Mandela. Kuanza kunaweza kuwa kwa kuunda chanzo kwa mchoro ulio wazi, kukifunga kwenye spektromita iliyopo tayari, na kuleta kapu la nyanya kutoka Kishapu. Kila nyanya ikatwe vipande viwili: kimoja kiwekwe mbele ya ncha kwa sekunde kumi, cha pili kipite njia ndefu ya kusagwa na kuchujwa. Mia moja za kwanza zitaonyesha ncha ile inakosea wapi, kwa dawa zipi, na kama ganda lenye vumbi la Shinyanga linaiziba. Kabla ya hapo, anayetaka kuipeleka mwaloni aulizwe tu ni molekuli gani anaitafuta.